Mzee, Laptopu na Friza ya Waya

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limetoka. Mashindano ya gemu ya vijana wa Kisumu yatakuwa Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye banda la mkahawa mmoja pale ufukweni Dunga. Mshindi anaingia timu itakayocheza Nairobi. Nafasi ni moja. Mwaka jana niliikosa. Ilichukuliwa na Ivy Ndirangu, binti wa mwenye duka la mabati na misumari mjini, ambaye hutabasamu wakati anacheza. Simwamini mtu anayetabasamu huku akilenga shabaha.

Sharti jipya: kila mchezaji aje na mashine yake.

Mashine yangu ni Mzee. Mzee ni kompyuta ya mezani. Nimekuwa naye tangu kidato cha tatu, na siku hizi ukimfungulia gemu mpya anakohoa. Kwa hiyo lazima niamue: nimwongezee Mzee nguvu, au ninunue laptopu ya gemu?

Kwa mtu aliyesoma, hilo si swali. Laptopu ya gemu ni jiko lenye herufi. Nimeeleza hivyo mara nyingi kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa urefu, pamoja na michoro. Mara ya mwisho hakuna hata mmoja aliyejibu. Hoja nzito huwanyamazisha watu.

Ivy anatumia laptopu. Sihitaji kuongeza neno.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kwa Zadock, anayeuza vipuri vya kompyuta vilivyotumika, kwenye chumba kidogo juu ya duka la viatu. Zadock husifu kila kitu alicho nacho, hata kalenda ya ukutani. Nimechagua kadi ya grafiki, ile sehemu inayochora gemu kwenye skrini. Nikamuuliza kama itaenea ndani ya Mzee.

"Siz, kila kitu huingia," akasema. "Ni roho tu."

Jibu la mtu asiyejua vipimo. Sikupima pia, lakini mimi nina shahada ya hisabati. Jicho langu linatosha.

Baadaye. Kadi ni ndefu kuliko Mzee.

Baadaye zaidi. Nimeazima msumeno kwa jirani na kumkata Mzee sehemu ya mbele. Waya Beldina, dada wa baba, ambaye ninaishi kwake hapa Nyalenda, alipita akaniuliza kama ninatengeneza jiko la makaa. Nikamwambia huu ni uhandisi. Akasema basi nikimaliza nifagie uhandisi wangu kabla kuku hawajaumeza.

Mzee sasa ana mdomo, na kadi imetokeza humo kama ulimi. Anapendeza kwa namna yake.

Alhamisi, 6 Machi

Pigo. Nyumba hii ina soketi moja inayoaminika, na inakaliwa na friza ya Waya. Waya hununua samaki aina ya ngege Dunga asubuhi na kuwauzia wateja. Wiki hii friza imejaa hadi mfuniko, kwa sababu kuna harusi Kisian na wameagiza samaki kwake. Ukiwasha friza na Mzee kwa pamoja, stima ya nyumba nzima inakatika. Nimejaribu. Na nimejaribu tena, ili kuwa na uhakika. Waya alikuwa bafuni mara zote mbili.

Mpango. Jioni hii Waya ana maombi ya akina mama. Nitachomoa friza kwa saa moja tu. Friza iliyojaa barafu huhifadhi baridi kwa muda mrefu. Hii ni fizikia, haihitaji ruhusa ya mtu.

Baadaye. Lo! Mzee anaruka! Hajawahi kuwa hivi. Nimewapiga wageni kutoka nchi nisizozijua. Nalala kwa furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Nililala kwa furaha bila kurudisha plagi ya friza.

Harufu ndiyo iliyoniamsha. Waya alikuwa amesimama mbele ya friza, mfuniko mkononi. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema, "Nyathina, mwanangu, samaki hawa wamekufa mara ya pili."

Kisha akavua aproni yake, akanivisha.

Nimeshinda Dunga kutwa nikipaa magamba ya samaki wapya wa harusi. Wanawake wa ufukweni walikuja kunitazama mmoja mmoja, kama waombolezaji. Mmoja akataka kujua kama mimi ndiye yule wa digrii. Mwingine akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba kisu nakishika kama kalamu. Walicheka wakashikana mabega. Ukosefu wa elimu una sauti kubwa sana.

Lakini akili yangu haikulala. Kosa si langu, wala si la Mzee. Kosa ni la ukuta. Kompyuta ya mezani imefungwa ukutani kama mbuzi kwenye kigingi. Laptopu ina betri.

Sijabadili msimamo. Nimeupanua.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani Waya aliomba niombewe. Alipoulizwa ninaugua nini, alisema sanduku.

Mchana Ivy ameuliza kwenye kundi, kwa adabu yake ya kujipaka, kama kuna anayeweza kumweleza vizuri ubora wa kompyuta ya mezani. Mtego wa wazi. Anataka nionekane sina la kusema. Nimemwandikia makala ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Kwamba laptopu hupata joto ikifanya kazi ya maana. Kwamba haina pa kuongezea kitu. Kwamba mwenye laptopu ya gemu ni mtu aliyenunua gari la mashindano halafu akalifungia spika za matangazo ya mazishi.

Nimeandika haya yote huku nikiwa nimeshaamua kutafuta laptopu. Hakuna mgongano hapo. Ukweli ni wa watu wote, laptopu ni ya dharura yangu binafsi.

Ivy amejibu kwamba ananishukuru sana na amesoma kila neno. Dhihaka. Ninamjua.

Jumanne, 11 Machi

Zadock ana bahati ambayo hakuifanyia kazi. Kuna mteja, asema, anayetaka kompyuta ya mezani yenye nguvu na yuko tayari kutoa laptopu yake ya gemu. Mashine kwa mashine. Mimi nimlete Mzee pamoja na kadi yake, mteja alete laptopu, kila mmoja aende zake.

Nimeweka sharti moja: jina langu lisitajwe. Dunia haipaswi kujua kwamba Debra Aloo ameguswa na laptopu. Zadock akacheka, akasema hata mteja huyo ametaka siri, anataka kuwashangaza watu. Kuwashangaza kwa kompyuta ya mezani! Kuna watu wana maisha matupu kweli.

Nimemuaga Mzee kwa kumpangusa kila mahali, hadi ndani ya mdomo. Sikulia. Lilikuwa vumbi.

Laptopu ni nyembamba, ina taa za rangi chini ya kila herufi, na inanukia manukato. Kwenye mfuniko kuna alama ya ua, pale palipobanduliwa kibandiko. Mwenyewe alikuwa mtu asiye na ladha yoyote. Nimemhurumia.

Alhamisi, 13 Machi

Laptopu inapata joto kama nilivyotabiri. Kuwa sahihi ni mzigo. Nimeitoa kichujio cha vumbi upande wa chini ili feni zivute hewa bila kizuizi. Sasa zinavuta kwelikweli. Zimevuta kona ya pazia.

Waya aliingia akasema kuna wingu kama moshi limesimama juu ya ziwa, wadudu wanakuja, jioni hizi tufunge madirisha na tuzime taa. Hapa kila mtoto anajua: wadudu wa ziwani wakija, zima taa. Nikamwambia wadudu ni tatizo la watu wanaokaa nje. Mimi sijakaa nje jioni tangu nimalize chuo.

Akaniuliza mashindano yako wapi.

Sikuona uhusiano.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika ili ibaki kwenye kumbukumbu sahihi, kwa sababu mjini tayari wanasimulia vibaya.

Nilifika na laptopu ndani ya mkoba. Walioiona walinyanyua nyusi. Nilikuwa na maelezo tayari lakini hakuna aliyeuliza, na hilo liliniudhi zaidi. Waya alikuja pia, akaweka karai lake la samaki wa kukaanga kando ya banda, akauza. Sikumwalika.

Nilishinda. Nikashinda tena. Waandaaji walichelewa katika kila jambo, kwa hiyo jua lilikuwa linazama tulipofika fainali. Mimi na Ivy. Alikuwa meza ya mbali, mashine yake imefichwa nyuma ya skrini kubwa na leso imetandikwa juu yake. Nikafikiri ana haya. Nikafikiri, vizuri, amesoma makala yangu.

Nilikuwa naongoza! Liandikwe hilo. Dakika chache tu zilibaki.

Stima ikakatika.

Mwandaaji akatangaza mchezo umesimama, matokeo yamehifadhiwa, tusubiri jenereta. Skrini ya Ivy ikazima. Waliokuwa na laptopu nyingine wakazifunga mara moja, pap, pap, pap. Mwenye simu akaizima. Banda zima likawa giza, isipokuwa mimi.

Hiyo ndiyo saa niliyozaliwa kwa ajili yake. Betri! Nikainua laptopu juu ili wote waone nani anaongoza. Skrini inawaka, herufi zinawaka nyekundu, kijani, zambarau. Nilikuwa taa pekee ufukweni.

Watu wakaanza kunipigia kelele nizime. Wivu, nikasema moyoni. Kisha nikamsikia Waya, na huyo hana wivu na gemu: "Debra! Funga hicho kitu!"

Sikufunga. Nilitaka waone kwa muda kidogo tu.

Wadudu walikuja na sauti ya mvua, bila maji. Masikioni, puani, kinywani. Laptopu ilibadilika rangi mikononi mwangu, ikawa na manyoya. Na feni, ambazo nilizifungulia njia mimi mwenyewe, zikawavuta wote. Zikavuma kama kinu cha posho. Ikatoka harufu ya kitu kinachokaangwa. Waya anasema ilimfanya mteja wake mmoja aulize kama kuna samaki wengine.

Giza.

Jenereta ikawaka, mbali, nyuma ya jikoni. Wadudu wakaifuata taa yake. Mwandaaji alisema anayeweza kuwasha mashine aendelee. Yangu haikuwaka. Niliitikisa, ikamwaga wadudu mezani kama dagaa wa omena kutoka guniani.

Ivy akaikunja leso yake taratibu. Chini yake palikuwa na sanduku jeusi. Sanduku lenye mdomo. Na ulimi.

Mzee!

Akawaka bila hata kukohoa. Msaliti.

Baada ya kupewa nafasi yangu ya Nairobi, Ivy alikuja kwenye meza yangu. Hakuwa akitabasamu, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alisema, "Ulinishawishi, Debra. Makala ile ya Jumapili niliisoma mara tatu. Bila wewe nisingebadilisha." Akaniambia hata mwaka jana alitaka kuniomba nimfundishe mambo ya mashine, akaogopa. Halafu akaangalia mfuniko wa laptopu, kwenye alama ya ua, akainama akaifuta wadudu kwa kidole.

"Kumbe ni wewe uliyeichukua," akasema polepole. "Nilikuwa nimeiwekea kichujio kipya."

Sikumjibu. Nilikuwa na mdudu mdomoni.

Jumapili, 16 Machi

Nimeianika laptopu juani, juu ya wavu wa Waya wa kukaushia omena. Mpango mzuri: hewa juu, hewa chini. Nikaingia ndani kunywa chai.

Nilipotoka, kuku wa Waya walikuwa wameizunguka kama wageni wa harusi. Wamekula wadudu wote. Lazima nikiri, wamesafisha vizuri kuliko Zadock. Lakini mmoja amemeza herufi W. Kwenye gemu, W ndiyo inayokupeleka mbele.

Nimemuuliza Waya ni kuku gani. Akasema hawezi kumchinja kuku anayetaga kwa ajili ya herufi moja, nitumie zilizobaki.

Jumanne, 18 Machi

Laptopu imewaka! Inanuka ziwa lakini imewaka. Nimefikiri kwa utulivu juu ya yote yaliyotokea, na nimepata funzo lililo wazi: nilikuwa sahihi tangu mwanzo. Laptopu ni jiko. Mzee ndiye mashine. Lazima arudi.

Ivy hataki kumwachia. Nilimwuliza kupitia Zadock. Lakini Ivy ana udhaifu mmoja ambao sasa ninaujua: anaamini ninachoandika.

Kwa hiyo nimeanza makala mpya ya kundi. Kichwa chake ni "Kwa Nini Mchezaji wa Kweli Hutumia Laptopu." Nina kurasa kadhaa tayari. Betri. Wepesi. Uhuru. Ile ya mbuzi na kigingi nimeiweka mwanzoni. Ikitoka leo, atakuwa kwa Zadock kabla wiki haijaisha, akiomba laptopu yake, na mimi nitakubali kwa kusitasita kidogo ili asishuku. W iliyomezwa nimeichora tena kwa kalamu.

Jumamosi Mzee atakuwa amerudi, na lazima nimjaribu siku hiyohiyo. Waya anaenda Sondu kuona wagonjwa, atarudi jioni. Friza imejaa tena, kuna watu wa Kisian wameagiza.

Nitaichomoa saa moja tu.