Shahada ya Nyasi

Jumatatu, 12 Januari

Muhula umeanza vibaya. Baridi ya kukata masikio, na Bi. Haugland, mshauri wangu wa masomo, kanimaliza kabla sijavua koti. Aliniuliza mwaka huu wa pili nimeamua kuchukua shahada gani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: Awali ya Udaktari. Akaniangalia kwa huruma. "Orrin, baba, hakuna shahada inayoitwa hivyo. Hiyo ni nia tu. Ni sawa na kusema unasomea Kutaka Kuoa."

Mwaka mmoja na nusu nimekuwa nikiitangaza! Kanisa zima la kwetu Harlow Fork linajua. Bibi yangu Verla amenifumia sweta lenye maneno hayo kifuani. Na leo ndilo nililokuwa nimevaa! Nilikaa pale na koti langu limefungwa mpaka kidevuni, natoka jasho.

Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Chuo cha udaktari hakijali shahada ya kwanza ni ya nini. Soma unachopenda, hata ususi wa vikapu, mradi upite masomo ya sayansi ya lazima na gredi zako zing'ae. Ila nichague kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo nafungiwa kujiandikisha.

Gredi zing'ae. Zangu hazing'ai. Kemia ya kaboni muhula uliopita nimepata C. Si kwamba sikujua! Huku tunapewa gredi kwa kupimana: A ni za wachache waliotangulia, na wengine tunagawana kilichobaki. Na mbele yangu kila mara kuna Priscilla Vang. Priscilla ameshachagua biokemia na anaitamka kwa sauti ya kusikika bwalo zima. Ndiye aliyewaambia watu kwamba siku ya kupasua mtoto wa nguruwe nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini kwa haraka.

Jumanne, 13 Januari

Wazo! Wazo la kipekee! Nimelipata naoga.

Kama gredi ni za kupimana, kwa nini nihangaike kuwa bora? Nitafute watu dhaifu zaidi wa kupimwa nao. Inatakiwa idara yenye wavivu watupu.

Asubuhi nilikwenda idara ya falsafa. Wana macho mekundu na wanasoma hata wakitembea. Hapana. Idara ya muziki wakaniuliza napiga chombo gani. Nikasema napiga mluzi. Hapana nyingine.

Nikarudi chumbani nimevunjika moyo, na hapo kitandani, saa saba mchana, mwenzangu Tobin alikuwa amelala fofofo. Kama alivyolala jana. Kama alivyolala mwaka mzima. Nikamwamsha, nikamuuliza yeye anasomea nini hasa. Akasema nyasi. Nikadhani anaota. Akafungua jicho moja: sayansi ya nyasi, za viwanja vya gofu, viwanja vya mpira, mbele ya nyumba za watu. Baba yake anatunza uwanja wa gofu, atamrithisha kazi. Nikamuuliza gredi wanapewaje. Akasema kwa kupimana, kama kila mtu, na akageukia ukutani.

Nilimfunika blanketi vizuri. Mtu wa thamani sana huyu.

Jumatano, 14 Januari

Nimetoroka kemia kwenda kuangalia darasa la nyasi. Saa tano asubuhi, ndani ya banda la vioo, maana nje kila kitu kimefunikwa na theluji. Paradiso! Vijana wachache wenye mabuti ya mpira. Mmoja anakula soseji. Mwingine kalalia mfuko wa mbolea. Mwenye kalamu ni mimi peke yangu! Mhadhiri, Dk. Quist, mzee mwenye udongo kwenye nyusi, alinikaribisha kama mtoto aliyerudi kutoka vitani.

Jioni nikampigia mama kumpa habari njema. Akauliza nyasi zipi. Nikasema nyasi, nyasi hizi hizi. Nikamweleza mpango wote. Akasema, "Ng'ombe wa mjomba wako Dale wamezisomea maisha yao yote, na sijaona hata mmoja aliyepata udaktari."

Baba akamnyang'anya simu. Alikuwa anahema. Alitaka kujua kama nimeshafundishwa habari ya baka. Lile baka la kahawia kwenye nyasi za mbele ya nyumba, karibu na ngazi, linalomwaibisha kila kiangazi. Nikasema ndiyo kwanza siku ya kwanza, baba. Akasema basi nifuatilie. Hajawahi kuniomba ushauri wa kitu chochote. Nilijikuta nimesimama wima.

Alhamisi, 15 Januari

Bwaloni leo ni nyama na maharage ya pilipili, na andazi la mdalasini pembeni. Chakula changu nikipendacho, na Priscilla kakiharibu. Alikuja na wenzake wa darasa la kemia, wakakaa mezani kwangu bila kuombwa. Akauliza, eti Orrin, umeamua nini, au bado unasomea sweta?

Nilikuwa nimeapa kutomwambia mtu. Nikasema tu ni siri. Akatabasamu lile tabasamu lake. Nikasema, basi, nyasi.

Alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. "Nyasi! Jamani, daktari wa nyasi! Utazipima presha?" Meza nzima ikaangua kicheko. Yuko mmoja aliyeanza kulia kama mbuzi.

Sasa mimi sipendi kuonekana mjinga. Nikawanyamazisha kwa hoja. Nikawaeleza yote: jinsi chuo cha udaktari kisivyojali shahada, jinsi wale vijana wanavyolala kwenye mbolea, jinsi nitakavyoogelea kwenye A mpaka nichoke. Nikawatajia na saa, na banda la ngapi.

Waliacha kucheka. Priscilla akaweka kijiko chini. Nimewaweza! Sijawahi kushinda mabishano kwa kishindo namna hii.

Jumapili, 18 Januari

Baba kapiga simu. Kakomba theluji yote ya mbele ya nyumba kwa koleo ili alione baka. Kwenye baridi hii! Majirani walitoka kumwangalia, mama alijifanya hamjui.

Sikuwa na jibu, nikawa namuuliza tu. Lilianza lini? Linakua au limetulia? Kabla halijatokea kuna ulichobadilisha? Likawa likimtoka hili na lile, mara majani ni ya aina fulani, mara jirani ana mbwa. Mwishowe akataja chumvi. Tangu mtu wa posta alipoteleza kwenye zile ngazi, baba kila asubuhi ya barafu humwaga chumvi ndoo nzima kuiyeyusha. Nikamuuliza yale maji ya chumvi yanatiririkia wapi. "Kumbe ni mimi," alisema.

Alishukuru mara mbili. Mama akasema baba ameshinda mchana kutwa akipiga mluzi.

Jumanne, 20 Januari

Nimetia saini! Shahada ya Nyasi, rasmi. Somo la nyasi linagongana na kemia yangu ya kaboni ya muhula huu, ya saa tano, hivyo kemia nimeihamishia saa nane mchana. Hakuna shida.

Bi. Haugland aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akaniuliza swali la ajabu: kwa nini nataka udaktari? Nikaanza habari za wastani na gredi. Akanikatiza. Hakuuliza nitaingiaje, aliuliza kwa nini.

Sikutegemea. Nikamwambia habari za Bibi Verla. Zahanati ya Harlow Fork hufunguliwa Jumanne tu, na kila Jumanne huja daktari mwingine. Bibi huvaa vizuri, hupaka na wanja. Daktari humwandikia dawa huku anaangalia kompyuta, na bibi hurudi nyumbani na yale yote aliyotaka kusema. Ananisimulia mimi. Mimi sijui kitu, nasikiliza tu. Inaniuma sana, ndiyo sababu.

Bi. Haugland alisema hilo ndilo niliandike kwenye maombi. Nikamshukuru, lakini moyoni nikamhurumia. Maombi bila A nani atayasoma?

Jumatano, 21 Januari

Mungu wangu.

Nimefika bandani, mlango haufunguki. Ndani kumejaa watu. Nikasukuma kwa bega. Mabingwa wote wa kemia ya kaboni wamo humo! Mstari wa mbele, Priscilla Vang, mabuti ya mpira mapya yenye maua, kalamu za rangi sita zimepangwa. Yule aliyelia kama mbuzi ameshasoma mpaka sura ya tisa.

Dk. Quist alikuwa anafuta machozi. Alisema idara ilikuwa ifungwe kwa kukosa wanafunzi. Alisema hajui ni nani aliyewaleta vijana hawa wazuri, lakini Mungu ambariki. Wote wakanigeukia. Priscilla akapiga makofi.

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza na biokemia yake je? Akashangaa. Kwenye biokemia yuko palepale. Hili kachukua kama somo la nyongeza tu, la kuvunia A. Wote hivyo. "Kwani wewe umetia saini shahada nzima? Ya nyasi? Orrin, wewe ni kiboko!"

Tobin alikuta kiti chake kimekaliwa. Aliniangalia kwa uchungu, akaenda kulala chumbani.

Ijumaa, 23 Januari

Jaribio la kwanza: kutambua nyasi kwa kuzishika. Nilikosa mbili tu! Nikajua A hiyo. Dk. Quist akasahihisha hapohapo. Wageni wote hawakukosa hata moja. Priscilla aliandika na majina ya Kilatini bila kuombwa. Mimi: C. Kwa nyasi!

Saa nane nikaenda kemia yangu mpya. Nani wamo? Walewale! Kila aliyefuata nyasi za saa tano alilazimika kuhamia saa nane. Na ile kemia ya saa tano niliyoihama, nasikia wamebaki wanaochelewa na wanaosinzia. Jana wamefanya jaribio, na jamaa aliyepata nusu ya alama kapewa A. Ningebaki pale nilipokuwa, ningekuwa mfalme!

Nikarudi kwa Dk. Quist kuomba anihurumie. Ili kumlainisha nikamsimulia baka la baba na chumvi. Akaacha kumwagilia. Akaniuliza nani alinifundisha kuuliza kwanza kabla ya kutaja ugonjwa. Nikasema hakuna, sikuwa na jibu. Akasema wengi huandika dawa kabla hawajasikiliza, na kwamba akiugua angependa aangukie mikononi mwangu. Nibaki, alisema, atanifundisha mwenyewe, na barua ya kuniombea chuo cha udaktari ataiandika kwa mkono wake.

Mzee mwema. Lakini pongezi haziingii kwenye wastani. C ni C.

Jumatatu, 26 Januari

Nimeamka na nguvu mpya. Bi. Haugland anasema shahada inaweza kubadilishwa hadi Machi, ingawa alisema hivyo ameshika kichwa.

Nimeshapata! Idara ya lugha ya Kinorwe, ghorofa ya chini, nyuma ya chumba cha mashine za joto. Wanafunzi ni bibi mmoja mstaafu na kijana aliyeingia siku ya kwanza akitafuta choo, akaona aibu kutoka. Gredi ni za kupimana. Mabingwa wa kemia hawatakanyaga huko hata siku moja.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuropoka mbele ya Priscilla. Safari hii Priscilla hasikii kitu. Nimepita pembeni yake bwaloni nimefumba mdomo, hata salamu sikutoa.

Shida ni moja tu, sipendi kujisomea peke yangu. Kwa hiyo nimebandika tangazo kwenye mlango wa jengo la kemia, natafuta mwenzangu mmoja mwenye bidii wa kujiunga nami. Nimeeleza faida zote. Na chini, kwa herufi kubwa, nimeandika kwamba ni siri.