Ngome ya Nyota za Pra Inavuja

Jumatatu, 9 Oktoba
Jana nilitazama mechi kwa Egya Bondzie, jirani mwenye televisheni na domo. Anasema Nyota za Pra wana ngome bora nchini: mechi nane, wamefungwa mabao mawili tu. Nikamwambia mwizi akikosa mlango, si dalili kwamba mlinzi alikuwa macho. Mimi nilikwenda na bakuli. Kila adui akimpita beki na kupiga, punje moja ya mahindi. Zimefika kumi na tisa! Kipa kaokoa tisa, mlingoti mbili, waliobaki walikosa lango kwa upofu wao wenyewe. Mbovu kuliko wote ni namba tano, Kwamena, mjukuu wangu. Nimemlea mimi, kwa hiyo nasema. Anakodolea mpira kama donge la kenke, ule ugali mchachu wa mahindi, kwenye sahani ya jirani, mtu wake anapita mgongoni.

Jumanne, 10 Oktoba
Jumamosi mume wangu anatimiza mwaka kaburini. Wa kummiminia kinywaji cha tambiko ni mjukuu mkubwa, ndiye huyo huyo namba tano. Kwamena kapiga simu mchana: kocha haruhusu beki kutoka kambini. Tangu mazishi sijamwona ila kwenye kioo cha televisheni ya Bondzie, mdogo kama kidole. Nimepata shauri. Beki mzuri hazuiliwi bure. Basi kocha aambiwe ukweli. Beki mbovu watamng'ang'ania wa nini?

Jumatano, 11 Oktoba
Nimepiga simu redioni, kipindi cha michezo. Nimejiita Madam Araba. Mtangazaji kacheka, akauliza kama mama hajaacha sufuria motoni. Nikamjibu sufuria yangu ina kifuniko, ngome yao haina. Nikamsomea punje zote, moja moja, na nani alipitwa. Mpigaji mwingine akasema bibi huyu apewe timu. Bondzie kanuna, leo hakununua kenke ninayouza. Atakula maneno yake.

Alhamisi, 12 Oktoba
Kwamena kapiga. Kasema Nana, bibi yangu, sauti yako naijua hata ukijiita malkia. Kocha alisikiliza na kukubali kila punje. Mabeki wote mazoezini asubuhi na jioni mpaka Jumapili, yeye wa kwanza. Halafu akasema polepole kwamba juzi jioni kocha alilegea akampa ruhusa. Hakuniambia kwa sababu alitaka nimwone tu mlangoni. Sasa imefutwa. Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Jumamosi, 14 Oktoba
Ukoo wote ulikuja. Kinywaji kamimina Ebo, mjukuu wa dada yangu, majina ya wazee kayachanganya. Kila gari likipunguza mwendo nilisimama. Wakadhani nawakaribisha wageni. Bondzie kaleta kiti chake, kakaa karibu yangu saa nzima, hakugusia mpira hata kidogo. Heri angenitukana.

Jumapili, 15 Oktoba
Wameshinda moja bila. Punje tatu tu. Namba tano hakupitwa hata mara moja, mabega yake yamekuwa ya babu yake kabisa. Bondzie kasema sasa hiyo ndiyo ngome, na aliyeijenga ni mimi. Nilijisikia fahari mpaka kwenye geti lake. Njiani nikawaza: beki kama huyo hawatamwachia hata Pasaka.

Lakini kipindi cha pili aligusa goti. Labda alikuwa anajikuna. Kesho napiga tena simu redioni, nitakuwa Madam Ekua wa Elmina, na nitasema namba tano anachechemea. Mwenye goti bovu hupelekwa kwao akapumzike. Kitanda nimeshamtandikia.