Bitiruti Sita za Mama Mkwe

Jumamosi, 8 Novemba
Mama mkwe kafika kwetu Carrollton. Alikuwa Sugar Land, saa nne kwa gari kutoka hapa, mwezi mzima, kwa mwanyumba wangu Faustine, aliyemuoa dada wa Melania, mke wangu. Jumatano ataamua Krismasi ale kwa nani. Nataka ale kwangu. Miaka yote hii mimi ni "mume wa Melania" tu, na nimechoka. Hata kiti hakijapata joto, kashamsimulia Melania, kwa sauti ya kunifikia, kwamba Faustine humtengenezea hummus ya pinki, lile rojo la dengu la kuchovyea mkate, kwa mikono yake mwenyewe. Faustine! Mtu asiyejua kuchemsha yai. Hapa kuna jambo.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nimempigia Faustine, eti kumsalimia. Nikachomekea la hummus. Akanimwagia yote bila hata kukohoa: dengu za kopo, ufuta uliosagwa, ndimu, kitunguu saumu, na bitiruti moja ndogo iliyochemshwa ikaiva kabisa. Akasema nikikwama nimpigie video. Ukarimu gani huo? Hakuna anayetoa siri yake kirahisi hivyo. Anataka niaibike mbele ya mama. Basi nafanya kinyume. Bitiruti sita, tena kubwa. Na sichemshi.

Jumatatu, 10 Novemba
Blenda imelia mpaka jirani kagonga ukuta. Dari ina madoa. Melania kaonja kijiko kimoja, kasema ni udongo mtupu, kaacha. Upande wa dada yake, huyo! Mama nimemwandalia kwa heshima zote, na chapati. Kala, kamtuma Melania anishukuru. Nikamwongezea. Hawezi kumkatalia mkwe wake, kala tena. Mimi sikugusa, nimemwachia yote yeye.

Jumanne, 11 Novemba
Asubuhi mama na Melania wamejifungia chumbani. Minong'ono. Kisha Melania katoka kwenda kumpigia dada yake ndani ya gari. Nimemuuliza kuna nini, kasema ni mambo ya mama, hayanihusu. Nimeelewa: wanapanga kumrudisha Sugar Land kabla ya Jumatano. Mchana nimemsogezea mama bakuli jingine. Kalipokea macho chini, kalimaliza. Saa moja baadaye Melania kamtoa na mkoba wake. Nikawafuata kwa gari langu.

Wakakunja kona kuingia hospitali. Hapo niliogopa kweli. Krismasi niliisahau.

Nesi wa zamu alikuwa Lydiah, Mkenya tunayesali naye. Yeye hana ukwe na mtu pale, kwa hiyo kanieleza waziwazi: tangu asubuhi mama anaona wekundu chooni. Ndiyo maana walinong'ona pembeni. Mambo ya choo cha mama mkwe nani ayaseme mbele yangu? Vipimo viko sawa, wala si damu. Kisha Lydiah kauliza, "Kwani ni nani amekuwa aki-feed huyu mama beetroot?" Wote wakanigeukia. Nikasoma tangazo la chanjo ukutani.

Faustine naye akatokea, kakimbiza gari kutoka Sugar Land. Kamshika mama mkono, kanipa pole. Hakucheka hata kidogo. Mbaya sana, huyo.

Jumatano, 12 Novemba
Mama kaamua. Asubuhi kaondoka na Faustine. Kamtuma Melania aniambie hana kinyongo, ila tumbo lake linahitaji mapumziko mpaka mwaka mpya. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Nimewaza mpaka nikapata jibu. Faustine aliniambia ukweli mtupu, makusudi kabisa, kwa sababu alijua sitamwamini. Mtu wa hatari. Lazima niwe makini naye zaidi.

Alasiri kapiga simu kusema wamefika salama, mama kala, kalala. Sauti ilikuwa tulivu mno. Melania kaniuliza naenda wapi na funguo za gari, nikasema natupa takataka. Nayaandika haya kwenye kituo cha mafuta, nusu ya njia kwenda Sugar Land.