Kisima cha Jirani Hakina Hatari

Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, baada ya chai, Kaimu Mkurugenzi alishinda.

Hakushinda kwa majivuno. Alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akaketi kichwani mwa meza ndefu ya Idara ya Tathmini ya Michezo ya Kadi, akachanganya kadi zake taratibu, kama mtu anayepanga hati za mirathi. Kuliani kwake aliketi Naibu, kushotoni Mhasibu, na mkabala naye Binti wa Masjala, msichana mpole aliyeajiriwa kutunza mafaili, ambaye Idara ilikuwa imemwazima kwa sababu mchezo ulihitaji watu wanne na bajeti ilikuwa na watatu.

Kilichotathminiwa ni kadi moja tu. Iliitwa Kisima cha Jirani.

Mchezo wenyewe haukuwa mgumu. Kila mtu ana fungu lake la kadi: wanyama wa kushambulia, na uchawi wa kila aina. Kila mtu amewekewa mbele yake vifuniko ishirini vya soda, na hivyo ndivyo uhai wake. Ukipigwa, vinatolewa kadiri ya nguvu za mnyama. Vikiisha, umekufa. Anayebaki hai peke yake ndiye mshindi. Sasa Kisima cha Jirani kilikuwa na maandishi haya: *Vuta kadi moja kwa kila kadi iliyo mikononi mwa wenzako wote. Kwa kila kadi uliyovuta, toa kifuniko kimoja.*

Mtaani watu walikuwa wamegombana juu ya kadi hiyo mpaka wengine hawasalimiani. Kuna waliosema ni utajiri wa bure. Kuna waliosema ni kujichimbia kaburi na kulipia jembe: mkono umefurika, uhai umebaki wa kuombea dua, na watu watatu wanakutazama. Kelele zilipozidi, ukaja waraka kutoka juu kutangaza kwamba Serikali haitakubali wananchi wavute kadi kiholela, na kwamba Idara ifanye upembuzi yakinifu na kusema kadi ile ina hatari au haina.

Kaimu Mkurugenzi aliifanyia majaribio kwa njia pekee aliyoiamini, yaani yeye mwenyewe. Kila asubuhi aliicheza. Alivuta lundo la kadi, vifuniko vyake vikabaki viwili au kimoja, kisha akawatazama wenzake juu ya kadi zake kama mtu anayechungulia juu ya ukuta.

"Zamu yako, Naibu."

"Napita, Bosi."

"Mhasibu?"

"Napita na mimi. Nimebanwa kidogo mwezi huu."

Binti wa Masjala alikuwa akichelewa kujibu. Mbele yake kulikuwa na Kuku wa Vita, kadi ndogo yenye nguvu mbili, ambayo kwa bahati alikuwa akiipata karibu kila siku. Alimtazama kuku, akavitazama vifuniko viwili vya Bosi, akafumbua mdomo, akaufumba.

"Napita," alisema.

Basi Kaimu alishusha lile lundo lote, akawamaliza mmoja mmoja kwa upole, akavaa koti. Kwenye ripoti, mahali palipoandikwa *Hatari*, aliandika: *Hakuna*. Baadaye aliona hata lugha ya mchezo inatia watu hofu pasipo sababu, akairekebisha. Wapinzani wakawa wadau wenza. Kushambulia kukawa kuwasilisha hoja. Kufa kukawa kuhitimisha ushiriki.

Mwaka ulikuwa umepita hivyo. Asubuhi moja Kaimu alikuwa ndiyo kwanza amebakiza vifuniko viwili, Naibu ameshafumbua mdomo apite, mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Tarishi, na karatasi ameishika kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa Waziri anakuja kushuhudia tathmini ya mwisho," alisema. "Kesho saa nne. Anakuja na barua yako, Bosi. Na kalamu yake."

Naibu alisahau kupita.

Barua hiyo ya kumthibitisha kuwa Mkurugenzi kamili, Kaimu alikuwa ameingoja muda mrefu. Mwanawe wa mwisho alizaliwa baba akiwa anakaimu, na sasa alikuwa amekwisha ng'oka meno ya utotoni. Kibao cha mlangoni kilikuwa na neno "Kaimu" lililoandikwa kwenye kipande chake cha pekee, kwa skrubu mbili, ili siku ikifika liondolewe bila kugusa lililobaki. Skrubu zilikuwa zimeota kutu.

Jioni hiyo alimkuta mkewe sebuleni na dada zake wawili, wanacheza mchezo huohuo. Akavuta kiti ili ajinoe. Vifuniko vilipokuwa bado vingi, akashusha Kisima cha Jirani, akavuta, akavuta, akabaki na kifuniko kimoja.

"Nakupiga," mkewe alisema bila kuinua macho.

"Ngoja kidogo, mama watoto."

"Ningoje nini? Umefungua kadi kama mkia wa tausi na roho imebaki moja. Nikikuacha, zamu ijayo utatuzika wote."

"Asipokupiga yeye nakupiga mimi, shemeji," dada mkubwa alisema. "Usinichukie."

"Mimi nilishamtayarisha mnyama wangu kabla hujamaliza kuvuta," alisema mdogo.

Kaimu alikitazama kifuniko chake kikichukuliwa. "Ofisini huwa wananiacha."

"Ofisini nani anasaini likizo zao?" mkewe aliuliza, kisha akaendelea na dada zake.

Matokeo hayo hayakuingizwa kwenye ripoti. Akidi haikutimia, na mjumbe mmoja alikuwa amevaa malapa. Ila Kaimu alioga kwa muda mrefu kuliko kawaida, na alipotoka alimuuliza mkewe kama maji yalikuwa ya kutosha, swali ambalo mtu huuliza anapotaka kuuliza jingine.

Kesho yake Mheshimiwa Waziri alifika na mlinzi na mpiga picha. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, mchangamfu, anayependa kuonyeshwa vitu. Mhasibu alimwachia kiti chake kwa wepesi wa mtu aliyeponea chupuchupu, akaenda kusimama ukutani.

Fungu la Mheshimiwa lilikuwa limepangwa na Kaimu mwenyewe. Si adabu mgeni kuja kutazama kisima na asionje maji; kwa hiyo, kati ya kadi saba za kwanza, Kaimu alikuwa ameweka kwa heshima kadi moja ya Kisima cha Jirani.

Barua iliwekwa mezani. Kalamu ikalazwa juu yake, imeshafunguliwa.

Wakaanza. Kila mmoja aliteremsha mnyama. Mheshimiwa alipata Mbwa wa Getini, nguvu tatu, akampenda. Binti wa Masjala aliteremsha kuku wake. Zamu ilipomrudia Kaimu, alikohoa, akacheza Kisima cha Jirani. Wenzake watatu walikuwa wameshika kadi sita sita. Alivuta kumi na nane, akatoa vifuniko kumi na vinane, akabaki na viwili na mkono wa kadi ishirini na tatu.

"Kama unavyojionea, Mheshimiwa," alisema, "nimetajirika, na wadau wenza wametulia. Naibu?"

"Napita, Bosi."

Ikawa zamu ya Mheshimiwa. Alizipekua kadi zake, uso ukamng'aa.

"Na mimi ninayo hii."

"Tuliona si vizuri wewe ukose, Mheshimiwa."

"Na haina hatari?"

"Imo kwenye ripoti, Mheshimiwa. Ukurasa wa kwanza."

Hapo ndipo Kaimu alipokumbuka kwamba mkononi mwake mwenyewe mlikuwa na kadi ishirini na tatu, na kwamba hizo nazo zingehesabiwa. Neno lilipanda mpaka kooni. Huko likakutana na neno "Mheshimiwa" linashuka, likampisha njia, likarudi lilikotoka.

Mheshimiwa akavuta. Mpiga picha akapiga. Kumi, ishirini, thelathini. Mkono ulipojaa, mlinzi alimshikia zilizobaki. Alipofika thelathini na tano akaacha, anahema kwa furaha.

Naibu alikuwa akiondoa vifuniko vya Mheshimiwa kimoja kimoja, kwa vidole viwili, kama anayemtoa mgeni unyasi kwenye bega. Vya Mheshimiwa viliisha. Deni likabaki la kumi na tano. Naibu hakusita, akaanza kuondoa vya kwake mwenyewe.

"Kwa niaba," alinong'ona.

Meza mbele ya Mheshimiwa ilikuwa tupu kama kiganja.

"Sasa nina uhai kiasi gani?" aliuliza.

Feni ya darini ilizunguka.

"Uhai wako umewekezwa, Mheshimiwa," Naibu alisema.

"Salio linapitiwa," Mhasibu aliongeza kutoka ukutani.

"Vizuri sana," Mheshimiwa alisema. "Kumbe mchezo mzuri. Basi mbwa wangu anampiga huyu binti."

Binti wa Masjala alinyoosha mkono kwenye vifuniko vyake ili atoe vitatu. Mkono ukasimama njiani. Alimtazama Kaimu Mkurugenzi jinsi alivyokuwa akiyatazama mafaili yaliyorudishwa masjala yakiwa na ukurasa uliochanwa: bila hasira, akingoja tu aliyeazima aseme.

Naibu naye akamtazama. Mhasibu akamtazama. Idara ndiyo iliyokuwa na mamlaka ya kutamka nani yu hai, na Idara ilikuwa yeye.

Kaimu aliitazama barua. Akaitazama kalamu. Kisha akamtazama Mheshimiwa, ameketi bila kifuniko hata kimoja, kadi zimemfurika, anatabasamu. Tabasamu lile alilijua. Lilikuwa lake, la kila siku saa nne asubuhi. Hakuwahi kuliona kutoka upande huu wa meza.

"Mheshimiwa," alisema, "umekufa."

Mpiga picha alishusha kamera.

"Nimekufa?" Mheshimiwa aligeuka kumtazama mlinzi wake, ambaye mikono yake ilikuwa imejaa kadi. "Nani amenipiga?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Hapa mkubwa hapigwi. Ndiyo maana tuliandika kwamba kadi haina hatari."

"Nimekufa lini?"

"Ulipovuta ya ishirini. Zile kumi na tano umezivuta ukiwa marehemu."

Mheshimiwa aliinamisha kichwa, akahesabu kwa midomo. Alikuwa amesoma hesabu zamani, na ilionekana kwamba jibu lilikuwa lilelile. Akaichukua kalamu, akaifunika, akairudisha mfukoni.

"Marehemu anaruhusiwa kubaki akitazama?" aliuliza.

"Anaruhusiwa," Kaimu alisema. "Ila hasemi."

Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri alikaa kimya. Waliokuwepo walikuja kulizungumza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko jingine lolote la siku ile. Barua ilibaki mezani, haina saini; Mhasibu akaiwekea kikombe chake juu ili feni isiipeperushe.

"Tunaendelea," Kaimu alisema. Sauti ilimtoka nyepesi, kama ya mtu aliyetua mzigo na bado mabega hayajaamini. "Zamu ya nani?"

"Yangu," alisema Binti wa Masjala.

"Unapita," Kaimu alisema kwa mazoea, na tayari alikuwa amenyoosha mkono achukue zamu yake.

Binti alikuwa akimtazama kuku. Kuku alikuwa na nguvu mbili, kama alivyokuwa nazo mwaka mzima. Mbele ya Bosi kulikuwa na vifuniko viwili.

"Sipiti," alisema. Akalirudia neno ili lisikike mpaka ukutani. "Sipiti. Nakupiga wewe, Bosi. Nimetaka kukupiga tangu siku ile mliyoniazima."