Herufi Nane za Pengo

Asubuhi redio ya Shangazi, muuza kahawa wetu, ilitangaza kwamba kuna mtu kakombewa akaunti yote kwa kutaja namba yake ya siri kwenye simu. Benchi zima tukamgeukia Pengo.

Pengo ni fundi viatu, hana meno manne ya mbele. Jumamosi anamwoza binti yake, na dada yake aliye ughaibuni ameahidi kumtumia hela ya meno ya bandia. Siku ya tatu sasa dada anamwomba msimbo wa benki, zile herufi nane zinazoonyesha hela iende benki gani, naye kagoma.

"Dada ni dada," alisema, "lakini siri ya benki hata mke wangu simpi."

Wakili akamuunga mkono. Huyu mahakamani alifika mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Alishauri herufi zitumwe mbili mbili kwa simu nne tofauti, tena zimepanguliwa, ili mwizi akizinasa ahangaike. Pengo akakubali. Mimi nami, kwa ujinga wangu, nikatoa simu yangu, herufi zikatumwa.

Kahawa haijapoa, dada akapiga. Huko wamemwambia benki hiyo haipo duniani.

"Kaka, meno unayataka au huyataki?"

"Nayataka," Pengo akanong'ona, "ila usiseme kwa sauti."

Shangazi uvumilivu ukamwisha. Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya benki, iliyotundikwa juu ya kichwa cha Pengo tangu Januari. Chini kabisa, karibu na simu ya tawi, herufi zile zile nane.

"Hizo ni za benki nzima, fundi. Kila mteja anazitumia. Ni anwani ya nyumba, siyo ufunguo."

Pengo alizifuata kwa kidole, moja moja. Kisha akaitungua kalenda, akaikunja, akaondoka nayo kuelekea benki. Tukafurahi, tukajua kaelewa, na Wakili akajipongeza kwa kikombe cha pili.

Alirudi saa sita, kifua mbele.

"Nimefunga akaunti. Siwezi kukaa na watu wanaobandika siri yangu ukutani."

Basi kwenye picha za Jumamosi tumekubaliana Pengo afumbe mdomo. Shangazi anataka Wakili naye afumbe, hata kama hakuna anayepiga picha.