Gari Lenye Paa Linalofunguka

Jumatatu, 9 Juni. Njombe.

Tuko hai. Naliandika tena nilione: hai!

Juzi Jumamosi tulikuwa tunarudi kutoka Makambako, familia nzima ndani ya gari letu, Noah. Mimi kwenye usukani, mke wangu Dafroza pembeni. Nyuma watoto wetu, Denis na Prisila, pamoja na mama mkwe, Bibi Germana, aliyepakata trei ya mayai. Tulipofika kwenye mteremko mrefu unaoangukia mashamba ya chai, nikazima injini. Kubana mafuta. Mteremko ni wa Mungu, haulipiwi! Sikujua kwamba injini ikizimwa usukani nao hugoma, na breki inakuwa kama kukanyaga jiwe. Kona ikaja. Noah haikuifuata.

Tukaruka mtaro, tukapasua chai, tukalala ubavu. Kisha sauti ya mama mkwe kutoka chini ya Denis, ikiuliza kama tumefika.

Hakuna aliyevunjika hata kucha. Wala yai! Niliyakagua moja baada ya jingine, nimeduwaa, chai imenijaa masikioni. Nimewaambia watu ulikuwa ukungu. Ukungu ulikuwepo kweli. Mbele kidogo.

Noah ndiyo imekufa. Fundi ameizunguka, akavua kofia.

Prisila ana miaka minane. Leo amekataa bajaji ya shule, kaenda kwa miguu na baridi hii. Jana kanisani vilevile. Ukimuuliza, anatikisa kichwa tu.

Jumatano, 11 Juni.

Kikao cha familia. Dafroza katangaza kwamba parachichi za shamba lake la Mdandu zitanunua gari jingine. Masharti: litutoshe wote, liwake asubuhi ya baridi, na Prisila akubali kulipanda. Hilo la mwisho alilisema akiangalia mikono yake. Asipopanda Prisila, hanunui kitu.

Kisha akaongeza kwamba nisiende peke yangu. Niende na kaka yake, shemeji Hilary.

Hilary! Mwalimu wa hesabu, ana Probox nyeupe anayoipangusa kwa kitambaa cha miwani. Akiingia kwenye gari la mtu, hunusa kwanza. Juzi alikwenda kuiona Noah, akautazama mteremko, akaniuliza taratibu kama injini ilikuwa inawaka. Mtu hatari sana yule.

Nimemwambia tutaondoka Ijumaa alfajiri. Mimi naondoka kesho.

Alhamisi, 12 Juni. Makambako, kisha Njombe.

Mungu wangu. Mungu wangu!

Nilikwenda kwa mzee Halfan, anayeuza magari yaliyotumika. Mtu wa Tanga, amezeekea Makambako na bado hajaizoea baridi: kanzu juu ya sweta, koti juu ya kanzu. Nikamwambia nataka gari la familia. Akanionyesha moja, la pili, la tatu. Nikawa naitikia kwa adabu. Kisha nikaliona.

Land Cruiser. Refu, rangi ya mchanga, lililokuwa likipeleka watalii mbugani. Madirisha kama ya kanisa. Na paa linafunguka! Halfan alilisukuma, nikapanda juu ya kiti, kichwa kikatokea nje, na Makambako yote ikawa chini yangu. Malori ya Songea. Malori ya Mbeya. Reli. Akina mama wa viazi wameacha kupima, wananitazama. Nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba dunia inaonekana hivi kutoka juu.

Hapo hapo mpango ukanijia. Hifadhi ya Kitulo! Watalii wa maua! Gari litajilipa lenyewe. Halfan, mtu mkweli, alisema maua ya Kitulo ni ya masika na sasa ni Juni, huko kuna majani yaliyoungua kwa baridi. Nikamjibu kwamba watalii wa majani pia wapo.

Hela ziko kwa Dafroza, kwa hiyo nikamsihi Halfan alilete Njombe mwenyewe. Akakubali. Tatizo dogo tu: paa liligoma kushuka. Tumekuja nalo wazi, upepo wa Juni unatuingia utosini. Halfan alijifunika blanketi hadi puani akiendesha kwa jicho moja.

Kwenye ile kona nilifumba macho. Akaniuliza kulikoni, nikamwonyesha, akasimamisha gari. Mistari ya chai imekatika kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Tukafuata alama hadi pale tulipolalia. Hatua chache mbele yake kuna korongo. Siku ile sikuliona. Naapa sikuliona.

Halfan alichungulia chini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Bwana Clemens, ulikuwa na nani ndani?"

Nikamtajia majina. Akainua mikono, akaomba dua ndefu palepale upepo ukimpiga. Mimi nikakaa chini kwenye chai.

Ijumaa, 13 Juni.

Siku kubwa.

Dafroza alimpokea mgeni vizuri. Jana kamkalisha jikoni penye moto, leo chai ya tangawizi. Kisha akatoka kuliona gari. Hakutazama rangi, hakutazama matairi. Alimwita Prisila.

Prisila akalizunguka. Akafika mlangoni, akatikisa kichwa. Basi, nikajua nimeshindwa. Halafu akauliza, neno lake la kwanza juu ya magari tangu siku ile:

"Likilala, mtu anatokea wapi?"

Mimi nilitazama matairi. Halfan ndiye aliyeweka kikombe chini. "Huku juu, mjukuu wangu. Tazama, kuko wazi."

Prisila akapanda ngazi ya nyuma hadi juu ya paa, akachungulia, akajishusha ndani. Akakaa. Akafunga mkanda. Dafroza akamfuata, akakaa naye, wakazungumza wawili. Ndipo tukajua. Siku ile alibanwa chini kabisa, alikuwa wa mwisho kutolewa, na alidhani tumemsahau. Maana wote tulikuwa nje tunashangilia mayai.

Mama mkwe aliingia ndani ya nyumba. Macho yaliniuma sana. Moshi wa jikoni, nadhani.

Lakini nani aliyelichagua hili gari? Nauliza tu. Nani?

Hilary alifika saa ya chakula, amevimba. Kanisubiri kwenye kituo cha mafuta tangu alfajiri, na chupa ya chai na vikombe viwili. Akalinusa gari. Akasema hili ni la kutazamia simba, akauliza sisi simba wetu wako wapi. Wivu mtupu.

Jumamosi, 14 Juni.

Barafu. Nyasi zote nyeupe. Na kwa kuwa paa halifungi, barafu imelala hadi kwenye viti, imeng'aa kama sukari. Nilisimama naitazama. Pazuri ajabu!

Gari halikuwaka. Halfan alilibembeleza kwa dua, mimi kwa matusi. Kwaya iliyokuwa inapita kwenda mazoezini ikatusaidia kusukuma, sauti zote nne, hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kimya. Likawaka jua lilipokuwa utosini. Mama mkwe akasema kwamba mgonjwa aliyekuwa anasubiri gari hilo angekuwa ameshazikwa na watu wameshakula.

Dafroza akasema hapana. Hakupaza sauti. Nikamkumbusha Kitulo. Akasema, "Baba Denis, hapana."

Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba kama mtu aliyefiwa. Ndipo Halfan akasema, ndani ya blanketi lake, kwamba mkewe Salha ana Noah yenye kioo juu kinachofunguka. Mtoto anapita, na mtu mzima asiye na kitambi pia. Ila Salha hatakubali kuiuza hata kwa kiapo.

Dafroza akasema Salha aachiwe yeye.

Jumatatu, 16 Juni. Makambako.

Tumekwenda wote kwa Land Cruiser, Prisila akiingilia juu. Hilary nyuma yetu na Probox, akikaa mbali na vumbi letu.

Dafroza na Salha waliingia chumbani, wakafunga mlango. Mimi na Halfan tukakaa barazani kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Halfan alinionya kwamba tangu amuoe hajawahi kumbadilisha mawazo hata mara moja. Nikamwambia mimi pia. Tukapeana mikono.

Wakatoka wameshikana mkono, wanacheka. Noah ni yetu! Salha anachukua Land Cruiser: amekuwa akitaka gari kubwa zaidi miaka yote, hakuna aliyemuuliza. Halfan alibaki mdomo wazi. Mimi vilevile. Wanawake hawa wanaongea nini wakifunga milango?

Hilary akaingia chini ya Noah, akatoka, akanusa, akasema, "Sina neno." Kutoka kwake huo ni wimbo wa sifa.

Prisila alifungua kioo cha juu. Akatoa mkono, akatoa kichwa, akapima mabega. Kisha akashuka, akazunguka, akaingia kwa mlango. Kwa mlango, kama watu! Dafroza akakunja uso ghafla, akajifanya anatafuta leso.

Yeye ndiye aliyeendesha hadi nyumbani. Hakuniuliza. Kwenye ile kona alipunguza mwendo, na mimi nikashika dashibodi kwa mikono yote miwili. Nyuma nikasikia upepo. Prisila amefungua kioo, katoa mkono nje, anaipungia chai. Dafroza akiendesha taratibu, machozi yanamshuka, hakuyafuta, hakuachia usukani.

Nimeoa nani mimi? Nilikuwa wapi miaka yote hii?

Jumanne, 17 Juni. Njombe.

Nimejifunza. Naandika kwa unyenyekevu: mimi si mtu wa kuchagua magari. Kuanzia leo kila kitu chenye matairi atakiamua Dafroza. Nimemwambia asubuhi. Akanishika bega, akasema asante baba Denis. Nilijisikia mtu mpya.

Mchana nilikwenda mjini kununua kiberiti. Karibu na soko, kuna bwana wa Ipelele anauza kijiko. Kile cha kuchimbia mitaro! Njano! Nilipita tu. Akaniruhusu nikae mara moja. Kiti kinazunguka mwenyewe umekaa! Nikavuta mpini, mkono ule wa chuma ukainuka juu ya mapaa, juu ya nyaya, taratibu, kama unaapa. Soko zima likageuka. Watu walipiga makofi.

Nimefikiria kila kitu. Ndani tunaenea wawili. Wengine wote wanakaa kwenye ile ndoo ya mbele, nimeipima, mama mkwe anaweza hata kunyoosha miguu. Na ndoo haina paa kabisa, kwa hiyo kwa upande wa Prisila hakuna ubishi.

Bwana yule amekubali asimuuzie mtu kwanza.

Kesho naamka mapema, nimchemshie Dafroza maji ya kuoga.