Stika ya Tillford

16 Oktoba, Jumatatu

Zimebaki siku kumi na sita. Nimezihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya jikoni, mara mbili. Tarehe mosi Novemba chuo cha Wexmoor kinafunga mlango wa maombi ya mapema. Binti yangu Nell ana nafasi moja tu ya kuomba mapema, chuo kimoja, na wakimkubali ni lazima aende. Ni kama kuposwa. Ukishasema ndiyo, umesema.

Wexmoor ndiko anakokutaka tangu ana miaka kumi na mitatu. Mama yake, Noreen, alimpeleka kukitembelea, wakarudi na sweta moja wakawa wanaligombania. Siku hizo tarehe zote zilikuwa kichwani mwa Noreen. Mimi ni mtu wa kuchelewa. Saa yetu ya ukutani aliisogeza mbele dakika ishirini kwa ajili yangu, akakaa miaka mitano bila kuniambia. Sasa hayupo, mwaka mmoja na miezi saba, na tarehe zimeachiwa mimi. Mungu amsaidie mtoto.

Nilikuwa nimekabidhi karatasi ya mzazi, ile ya kuandika sifa za mwanao ili mshauri wa shule apate la kusema katika barua yake. Walitoa nafasi ya nusu ukurasa. Niliandika kurasa kumi na moja. Leo Bi. Okerlund, mshauri mwenyewe, amenipigia simu. Amesema kwa upole kwamba amezisoma zote, zimemtoa machozi, ila tisa kati yake zinamhusu marehemu mke wangu. Je, ningeweza kumtaja Nell zaidi kidogo? Nikasema nitajaribu.

18 Oktoba, Jumatano

Balaa! Jirani yangu Haverkamp alikuwa anapuliza majani kwa ile mashine yake inayolia kama ndege ya kivita. Akaizima ili anipe habari: mwanawe Tucker naye anaitolea macho Wexmoor. Akauliza kama Nell bado anaota ndoto zake. Eti wao wamemwajiri mama mmoja kutoka Boston, kazi yake ni kunyoosha insha za watoto za kuombea chuo. Keshawaingiza arobaini. “Wewe una nani, jirani?”

Nikasema nina Nell. Akacheka, akawasha mashine, majani yake yote yakahamia kwangu.

Hapa kila mtu anajua kwamba Wexmoor haichukui wawili kutoka shule ndogo kama yetu. Bi. Okerlund anasema si kweli. Bi. Okerlund hana mtoto anayeomba.

19 Oktoba, Alhamisi

Nimepata! Haverkamp ni mwigaji. Nilinunua jiko la kuchomea nyama, akanunua. Nilipaka baraza rangi ya buluu, lake likawa buluu kabla ya langu kukauka. Noreen alikuwa akisema nikitumbukia kisimani, Haverkamp atauliza kisima nimekinunua wapi.

Basi. Mji huu mtu habandiki stika ya chuo kwenye gari lake bila sababu. Ile ni tangazo kwamba mwanao anakwenda huko. Nikibandika stika ya Tillford, Haverkamp atadhani Tillford kuna siri, atamburuta Tucker huko, na Nell atabaki peke yake kwenye njia ya Wexmoor. Tillford ni chuo kizuri, kiko dakika arobaini kutoka hapa, sina ugomvi nacho. Ila si Wexmoor.

Nimeomba ruhusa kazini, karakana ya mabasi ya shule (nilisema jino linauma), nikaenda hadi duka la chuo chao, nikachukua stika kubwa kuliko zote. Imefunika nusu ya dirisha la nyuma la pikapu. Nikachukua na kofia. Kofia haikuwamo kwenye mpango, lakini inanikaa vizuri.

21 Oktoba, Jumamosi

Kanasa! Haverkamp kaizunguka pikapu mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi. Akasema, “Hongera, mzee. Na ni karibu na nyumbani.” Nikakisifu Tillford mpaka koo likakauka. Walimu, maktaba, mkate wa mkahawani, vyote nikavimwagia sifa.

Katikati ya sifa Nell akatoka, anakwenda kwenye kibarua chake maktaba ya mji. Akasimama akiitazama stika. Akaniuliza kama nimeinunua mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama Tillford ninakipenda kweli. Haverkamp amesimama pale pale! Ningefanyaje? Nikasema ninakipenda mno, hasa kwa kuwa ni karibu.

Akasema sawa, Baba. Akaondoka.

Mchana nimelala usingizi wa mshindi.

24 Oktoba, Jumanne

Mshindi gani! Haverkamp kaniita kutoka kwake kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Kampigia mama wa Boston kumwambia Nell anakwenda Tillford. Mama wa Boston kasema basi Wexmoor kumebaki wazi, na ombi la Tucker litatumwa keshokutwa. “Umetufungulia njia, jirani! Nitakununulia bia.”

Na akaileta kweli. Chupa sita. Nimekunywa mbili kwa hasira.

Nimejaribu kuibandua stika. Haibanduki. Maji moto, sabuni, wembe, dawa ya kutolea grisi. Imetoka herufi moja.

Nell siku hizi ni mpole kupita kiasi. Jana kanipikia pierogi, vile viandazi vya kuchemsha vyenye kabichi ndani, kama vya mama yangu, kisha kakaa nami kutazama mechi ya magongo ya barafu mpaka mwisho. Magongo ya barafu anayachukia. Sikumuuliza. Mtu akikutendea wema, unashukuru.

26 Oktoba, Alhamisi

Mapatano ya ombi la mapema yanataka sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya mshauri. Fomu yangu nimeletewa kwa barua pepe nikiwa chali chini ya basi namba kumi na mbili, mafuta hadi kwenye viwiko. Nikafuta kidole kimoja kwenye suruali, nikatia sahihi kwenye kioo cha simu. Dakika haikuisha!

Siku sita kabla ya siku yenyewe. Mimi! Nikamtangazia dereva, akanipigia makofi. Nikataka kumwambia Noreen. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye namba yake.

Nikarudi chini ya basi.

30 Oktoba, Jumatatu

Sijui nianzie wapi.

Bi. Okerlund alipita karakana asubuhi. Akanipongeza. Akasema si rahisi kwa msichana mwenye alama za Nell kuchagua Tillford ili awe karibu na baba yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikaitafuta ile barua pepe. Tillford. Jina limeandikwa mara nne. Mara ya kwanza ni kwenye kichwa cha barua, herufi kubwa.

Nilikaa ndani ya basi namba kumi na mbili mpaka shule ilipotoka na Nell akanikuta humo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema aliiona stika. Alidhani nimeshindwa kusema kwamba sitaki kubaki peke yangu, nikaamua kulisema kwa dirisha la gari. “Wewe ndivyo ulivyo, Baba. Mama alipougua hukusema neno hata moja. Ulimbadilishia matairi tu.”

Ni kweli. Niliyabadilisha mara mbili. Yalikuwa mapya.

Ikabidi nimweleze habari za Haverkamp. Zote, mpaka kofia. Akaegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akawa analia. Kisha akainuka, akaniuliza kwa sauti ya mama yake hasa: nimjibu bila kuzunguka, ninataka aende au abaki?

Nikasema nenda. Nikaongeza kwamba nyumba nitaizoea.

Kumbe insha ya Wexmoor iko tayari tangu Agosti. Lakini ahadi ya Tillford lazima ivunjwe kwanza, halafu zipatikane sahihi tatu mpya, na mlango unafungwa keshokutwa. Nikamwambia Nell asiwe na wasiwasi, nina wazo. Akasema, “Hapana, Baba. Huna.”

31 Oktoba, Jumanne

Ofisi ya Bi. Okerlund imefungwa! Leo Halloween, siku ya kuvaa mavazi ya kutisha na kugawia watoto peremende. Tumemkuta ukumbini na watoto wadogo, kavaa boga. Boga zima, la duara, na kikonyo cha kijani kichwani. Hawezi kukaa wala kupita mlangoni bila kugeuka ubavu.

Alisema ahadi inaweza kuondolewa, kwa sababu Tillford hawajaanza kusoma maombi, ila lazima awaandikie yeye mwenyewe. Akasema ana miaka ishirini na miwili katika kazi hii na hajapata kuona mzazi akimfunga mwanawe kwenye chuo kisicho chake. Je, nilisoma kabla ya kutia sahihi? Nikasema nilikuwa chini ya basi.

“Hilo si jibu, Bwana Prusak.”

Aliandika akiwa amesimama, kompyuta juu ya katoni ya peremende, kikonyo kikinitikisikia kila alipobonyeza. Mtoto aliyevaa popo akaniuliza nimevaa kama nani. Nikamwambia kama baba. Akasema haitishi.

Kabla ya kengele ya mwisho Tillford wakajibu. Wamemwachia Nell, na wanamtakia heri. Waungwana kabisa! Nimesoma barua yao nikiwa nimevaa kofia yao. Nikaivua.

1 Novemba, Jumatano

Bi. Okerlund katia sahihi asubuhi, akiwa mtu tena. Nell katia sahihi baada ya masomo. Ikafika zamu yangu. Nell kanikalisha mezani, akanisomea fomu nzima kwa sauti, kila kifungu, kama hakimu. Jina la chuo kalirudia mara tatu, kisha akaniambia nilitamke. Nikalitamka. Nikatia sahihi.

Ombi limeondoka saa kumi kasoro robo alasiri. Saa nane nzima kabla ya mlango kufungwa usiku wa manane! Tukabaki tunatazama kioo cha kompyuta kama watu wanaosindikiza treni.

Kisha akaniapisha. Ujanja wowote marufuku mpaka jibu litoke Desemba. Nisipige simu Wexmoor. Nisimchokoze Haverkamp. Na nisitie sahihi kwenye kitu ambacho sijakisoma mpaka mwisho. Nikainua mkono, nikaapa, na niliapa kwa moyo mweupe.

Akapanda juu kulala, jua bado lipo. Ana siku nyingi hajalala vizuri, mtoto huyu. Chini kukawa kimya. Nikaona nianze kufanya mazoezi ya kimya hicho, maana kinakuja. Nikakaa kitini, mikono magotini. Nimeweza dakika nne.

2 Novemba, Alhamisi

Haverkamp ana habari mpya. Kila Oktoba Wexmoor huwaalika wazazi kwa siku tatu, na mji ule una nyumba moja tu ya wageni ya maana. Vyumba hujaa mwaka mzima kabla. Mama wa Boston kamwambia. Atapiga simu Jumamosi kuweka chumba. Akanipiga begani, akasema nina bahati, mimi wa Tillford nitakuwa nalala nyumbani kwangu.

Hajui! Niliingia ndani nikitembea. Nilipofunga mlango nikakimbilia simu.

Ni kweli, jibu la Nell bado. Lakini katika kiapo hoteli hazikutajwa. Nimepitia kichwani kifungu kwa kifungu.

Kulikuwa kumebaki vyumba viwili. Yule mama wa mapokezi akauliza cha kwanza kitakuwa na wageni wangapi. Nikasema wawili. Akaomba jina la mke wangu. Nikasema samahani, ni mmoja. Akasema atanipa kile chenye dirisha la kuelekea mtoni, wengi hukipenda.

Nimechukua vyote viwili. Haverkamp atalala garini.

Wameniletea masharti, kurasa nne za maandishi madogo. Hayo ni ya watu wasiojua wanachotaka. Nimetia sahihi.